Kikombe cha Jumatano

Verlene Gaskins alikutana na Alonzo Briscoe kwenye foleni ya keki za nyama ya kaa, sokoni Lexington, Baltimore, Marekani, mwanamume huyo alipomkanyaga kiatu chake cheupe. Verlene, msusi mwenye ulimi mwepesi, alimwambia akitaka namba ya simu aombe tu, asivunje watu vidole. Alonzo akacheka, akaiomba.

Wiki ya pili alimweleza ukweli: alikuwa akitibiwa uraibu wa kokeini, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alijaza kikombe cha mkojo kliniki ukapimwe. Verlene alimpenda zaidi kwa kusema. Ila tangu hapo akaanza kumkagua macho, mifuko, hata muda aliokaa chooni.

Mwezi wa nne Alonzo aliteleza. Jumamosi moja alivuta, Jumapili akakiri mwenyewe huku akilia. Verlene akamsamehe. Lakini kipimo cha Jumatatu kikaonyesha kokeini, na cha Jumatano vilevile. Alonzo alimtumia majibu yote mawili, na Verlene akapiga simu.

"Hii ya leo umevuta lini?"

"Ni ile ile ya Jumamosi, mpenzi. Haijatoka mwilini."

"Siku nne? Umeniona mtoto, Alonzo."

"Sijagusa kitu."

"Usinitafute tena."

Ijumaa Alonzo alimwandikia aje kliniki, mara moja tu. Verlene alikuja na koti lake jekundu, uso ameufunga. Kwa ruhusa ya Alonzo, muuguzi Bi Hatcher alimweleza kuwa kipimo cha kawaida husema ndiyo au hapana tu, na ndiyo yake huweza kudumu siku kadhaa. Kwa hiyo walikuwa wamepima pia kiasi cha mabaki ya kokeini, na karatasi aliyowapa ilikionyesha kwa nanogramu: Jumatatu elfu ishirini na nne, Jumatano elfu mbili na mia sita, leo mia mbili. Angevuta tena, kingepanda.

Nje, kwenye ngazi, Verlene aliomba radhi.

"Umeiamini karatasi," Alonzo alisema. "Mimi bado."

"Kaka yangu aliniapia kama wewe kuwa ameacha. Nilimzika."

Alonzo aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Majibu ya Jumatatu ijayo sitakuonyesha. Utaniuliza, nitakujibu, basi."

"Na nikishindwa kuamini?"

"Niambie. Usinikatie simu."

Jumatatu jioni, jikoni kwake, Verlene aliuliza. Alonzo akajibu kuwa ni safi. Verlene alitaka kumuuliza tena kama ni kweli. Akaacha, akamsogezea sahani, akaketi karibu naye.