Herufi Nne Kwenye Kopo

Kila asubuhi Theodora alikata majani kabla jua halijapenya migombani. Alirudi na mzigo kichwani, akapasua mgomba, akachanganya, akampa ng'ombe wake bandani. Kirua Vunjo ardhi ni ndogo. Ng'ombe haendi machungani, huletewa chakula mlangoni kama mgeni. Mumewe, Thadeus, alikuwa mpagazi wa mlimani, na siku nyingi hakuwepo nyumbani.

Pembeni palikuwa na kibanda cha ndama. Kilikuwa tupu kwa miezi mitatu sasa.

Ndama yule alikufa vibaya. Alitoka povu, akatetemeka, miguu ikakunjika. Kufika jioni hakuwa hai. Theodora alilia kama aliyefiwa, kisha akatafuta mtu wa kumlaumu. Na binadamu akitafuta wa kumlaumu, hakosi. Asubuhi ya siku ile wifi yake Hilda, dada wa Thadeus, alipita bandani akasema, "Ndama huyu amenona." Basi, ikawa hiyo.

Siku ya jumuiya, watu wakiwa wamekaa tayari kwa sala, Theodora alisema mbele ya wote, "Humu kuna watu wana jicho baya. Wakisifu kitu, kinakufa."

Alisema akimkazia macho Hilda, na kila mtu akamtazama. Ulimi hauna mfupa. Tangu siku hiyo Hilda hakuja tena jumuiya, na wanawake waliacha kumwonyesha watoto wao wachanga.

Sasa kupe walikuwa wamemjaa ng'ombe mkubwa. Theodora alichukua kopo la dawa kwenye ubao wa banda, akasogeza ndoo ya maji. Hapo akaingia Mwalimu Ildefonce, jirani mstaafu, aliyefuata maziwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Zita. Hiyo ni dawa ya nini?"

"Ya kupe. Baba Zita aliinunua sokoni Mwika. Alileta makopo mawili ya dawa."

"Yote ya kupe?"

Theodora hakujua. Zamani dawa zilitoka stoo ya chama cha ushirika, na karani alimweleza kila mtu kwa mdomo. Stoo ilifungwa. Siku hizi dawa huuzwa chini, juu ya turubai, kando ya mitumba, na maelezo yake ni Kiingereza kitupu.

Mwalimu aliligeuza kopo. Mende walikuwa wamekula karatasi yake kwa kufuata gundi. Katika maandishi makubwa zilibaki herufi nne tu: OFFE.

"Si unajua kusoma?" mwalimu aliuliza.

"Kiswahili. Nilisoma kisomo cha watu wazima. Kiingereza sikijui."

"Herufi ni zile zile. Nisubiri."

Alikwenda kwake, akarudi na kamusi, karatasi na kalamu. "Kamusi hupanga maneno kwa herufi ya kwanza," alisema. "Sisi ya kwanza hatuijui, huenda imeliwa. Kwa hiyo andika hizi nne katikati ya karatasi. Acha nafasi mbele na nyuma. Kwanza tuziache zilivyo, tuone kamusi inasemaje."

Walitafuta pamoja. OFFER, kutoa. OFFEND, kumkosea mtu.

"Sasa weka herufi moja mbele. Anza na A, nenda mpaka Z."

A, hakuna neno. B, hakuna. Theodora aliandika C, mkono ukasimama. Bila kuambiwa, aliongeza E nyuma.

"Hili nimeliona tangu msichana," alisema. "Liko kwenye magunia ya kahawa."

"COFFEE. Ndiyo kahawa yenyewe. Endelea."

"Si tumeshapata, mwalimu?"

"Endelea. Ukisimama kwenye neno la kwanza lililokupendeza, hujatafuta, umekisia."

Walifika T. TOFFEE, aina ya peremende. Walipomaliza Z mwalimu alisema, "Unaona? Herufi zinakupa orodha tu. Halafu unajiuliza, neno gani linafaa kwenye kopo la dawa? Si peremende. Nadhani ni dawa ya kahawa. Lakini kwa sumu, kudhani hakutoshi. Peleka makopo yote mawili kwa daktari wa mifugo. Ng'ombe usimguse."

Theodora alikaa chini. Kopo lile lilikuwa limebonyea ubavuni, na alilikumbuka vizuri.

"Mae, ole wangu," alisema polepole. "Mwalimu, ndama nilimwosha kwa dawa hii. Asubuhi ile ile."

Mwalimu alifunga kamusi.

Jioni Theodora aliazima kamusi, akachukua kopo la pili. Lilibaki na ATTL. Alijaribu herufi moja moja peke yake. BATTLE, vita. CATTLE, ng'ombe. RATTLE, kutoa kelele. Aliona ng'ombe ndiyo inafaa, lakini hakulifungua. Kesho yake daktari alithibitisha yote mawili, akamwonyesha kipimo. Kupe waliisha, ng'ombe akapona. Dawa ya kahawa ilifungiwa mbali na banda, na kila kopo liliandikwa kwa Kiswahili, kwa rangi. Hata hivyo Theodora hakupata usingizi. Mkosi ulikuwa mikononi mwake, naye alikuwa amemvika mwenzake.

Alikata jani la isale, akalifunga fundo, akaenda kwa Hilda. Kwa Wachagga, aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Hilda alilipokea, akasikiliza mpaka mwisho.

"Isale siwezi kuirudisha," alisema. "Lakini mimi hukunisema hapa uani. Ulinisema mbele za watu."

Siku ya jumuiya iliyofuata Hilda alikuja, akakaa karibu na mlango. Theodora alisimama.

"Ndama wangu hakuuawa na jicho la mtu," alisema. "Nilimwua mimi, kwa dawa nisiyoijua. Hilda nilimsingizia."

Wengi walitazama chini, maana nao walikuwa wameamini. Hilda aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho, na Theodora alirudi nyumbani akiwa na huzuni zaidi kuliko alivyokwenda.

Asubuhi alisikia hodi. Hilda alikuwa amesimama uani, hakutaka kukaa. Alitoa kopo chini ya kanga yake, karatasi yake imechanika nusu.

"Wifi," alisema, "nisaidie kutafuta neno hili."