Mafuta Kwenye Jicho la Mama Mkwe

Kisa hiki nilikipata kwa mama mzazi wa binti mwenyewe, mwaka jana wakati wa baridi, tulipokaa kutwa nzima kwenye benchi la kliniki ya mifupa. Mimi nilipeleka goti langu, yeye alimpeleka mumewe. Majina nimeyaacha, maana wenyewe wapo hai.

Binti huyo nyumbani walimwita Sisimizi, kwa kuwa hakujua kutulia. Baba yake alikuwa dereva wa lori la mizigo. Kila Jumapili lori likiwa kwenye yadi ya kampuni, walikwenda pamoja kulisafisha. Baba alishika matairi, Sisimizi alipanda kwenye kichwa cha lori na kitambaa chake, akafuta vumbi kwenye usukani na vioo. Kiti cha pili kilikuwa cha utingo, mtu aliyeitwa Redio kwa sababu hakuzimika. Redio alifunga turubai, alikagua matairi, na safari nzima alimpigisha dereva soga asisinzie.

Kisha kampuni ikafunga kamera. Ilikuwa ndogo kama kiberiti, imebandikwa mbele ya dereva, inamtazama usoni. Kope zikishuka, inalia, na ofisini wanapata taarifa papo hapo. Madereva waliiita Mama Mkwe, kwani mbele yake mtu hawezi kupiga miayo wala kukaa ovyo. Redio akaambiwa kazi yake imekwisha. Akaanza kuuza mayai ya kuchemsha langoni pa yadi, na kila lori lililopita aliliagiza salamu.

"Msalimieni Mama Mkwe," alisema. "Mwambieni akichoka, mimi nipo."

Baba hakucheka. Siku hizo alirudi macho mekundu, akala bila kusema. Alimlalamikia mama kwamba dude lile linalia hata akikunja uso kwa jua, kwamba ofisi imeshamwonya, na likilia tena watamshusha kwenye lori. Mama akamuuliza kama kweli hasinzii. Baba akamjibu kwa mkato kuwa yeye si mtoto.

Lakini alikuwa akisinzia. Tangu Redio aondoke, alifunga turubai peke yake na kulinda mzigo peke yake, na saa za kulala ziliishia humo. Hakumwambia mtu. Sisimizi, aliyekuwa nyuma ya pazia akipiga pasi sare ya shule, alishika jambo moja tu: Mama Mkwe anataka kumfukuza baba.

Jumapili iliyofuata alikwenda na kopo lake la mafuta ya mgando. Baba alipoinama chini ya lori, yeye alichovya kidole, akapaka mafuta mepesi kwenye kioo cha kamera. Aliwaza kwamba mwenye mafuta machoni haoni vizuri, na asiyeona hawezi kusema. Akashuka amefurahi moyoni, akabeba ndoo ya maji machafu akiimba.

Ofisini waliona picha ina ukungu. Wakadhani ni vumbi la njia.

Katikati ya wiki lori lilitoka barabarani kwenye kona, likalala ubavu mtaroni. Hakuna mwingine aliyeumia. Baba alibanwa mguu chini ya usukani, ikabidi wakate bati kumtoa. Mama Mkwe hakulia hata kidogo.

Siku ya pili msimamizi wa yadi alifika nyumbani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na chai aliyowekewa hakuigusa. Alieleza kwamba fundi amekuta mafuta kwenye kamera. Dereva anayeiziba kamera kwa makusudi hana kazi tena, wala kampuni haigharamii matibabu yake. Daktari naye alishasema mguu usipopasuliwa haraka, utakatwa.

"Mume wangu ana kiburi," mama alisema, "lakini ujanja wa namna hiyo hana."

Sisimizi alikuwa amesimama na sinia mkononi. Aliliweka sinia chini, akatoka, miguu ikampeleka langoni pa yadi. Redio alimtania kama kawaida, akamuuliza kama sisimizi wanakula mayai.

"Baba mdogo," Sisimizi alisema, "mtu akikiri kosa, mguu wa baba utapona?"

Redio akaiweka ndoo ya mayai chini. "Umefanya nini, mama?"

Alimweleza yote. Kwa mara ya kwanza Redio alizimika. Alikaa akikwangua ganda la yai ambalo halikuwa la mteja yeyote.

"Kile kiti ningekuwepo mimi, ningemwamsha," akasema mwishowe. "Sikuwepo. Na yule aliyekuwepo, wewe umemziba macho. Twende ukaseme."

"Nisemee wewe."

"Hapana. Mimi nitakushika mkono tu."

Ofisini Sisimizi aliamkia shikamoo. Kisha akaliweka kopo mezani. "Ni mimi niliyepaka. Baba hajui."

Msimamizi alilifungua kopo, akatazama alama ya kidole ndani yake. Akageukia kompyuta, akarudisha picha za nyuma. Kope za baba zilikuwa zinashuka, zinashuka, siku baada ya siku. Mwisho ukaja ukungu. Halafu akasema kuwa mashine ilikuwa ikiwaambia mtu huyu amechoka, na wao walikuwa wakiandika onyo badala ya kumpumzisha. Akainua simu, akawaambia hospitali wamtibu kwa gharama ya kampuni.

Mguu haukukatwa. Lakini goti halikunjiki tena, na lori baba hatalipanda. Kampuni ilimpa kiti kwenye chumba cha kamera. Akiona dereva mwenye kope nzito, anampigia simu aegeshe alale, na sasa hakuna anayeonywa kwa kulala. Redio hakurudishwa. Bado anauza mayai.

Mchana wa siku ile ya upasuaji, wodini, Sisimizi alimwambia baba mwenyewe. Baba aligeuza uso ukutani. Mama, aliyekuwa hajalala tangu ajali, alikuwa amepitiwa na usingizi kitini. Kisha baba akamgeukia binti.

"Umeniumiza," alisema. "Nami nimejiumiza. Wewe uliziba jicho lililokuwa likiniangalia, mimi niliziba mdomo wangu nisiseme nimechoka. Tena mimi ndiye mkubwa. Jambo la hatari halifichwi, mwanangu, hata ukilificha kwa mapenzi. Ukiona baya linakuja, sema. Ukishalitenda, sema upesi, kama ulivyosema."

Sisimizi aliitikia kwa kichwa, machozi yakidondoka shukani.

"Basi kaa hapo. Leo nikisinzia, usiniamshe."

Kope zake zikashuka taratibu. Hakuna kilicholia. Sisimizi alizitazama mpaka za kwake zikawa nzito, akalaza kichwa ukingoni mwa godoro, karibu na ule mguu uliofungwa, akalala.