Biti ya Tisa

Mvua iliwasukuma watu chini ya bati moja, katikati ya soko la dhahabu Geita. Zipora, mnunuzi wa dhahabu, alimwona kijana mwenye shati la bluu lililopigwa pasi akitazama ubao wa namba uliozimika juu ya mizani yake.

"Dada, huu unatengenezeka," alisema. Aliitwa Mabula.

Mwezi haukuisha wakaitana mpenzi, na ubao ukawaka kwa chip mpya aliyoifunga Mabula.

Kisha asubuhi moja mchimbaji Jilala aliweka dhahabu yake, ubao ukang'ang'ania uzito wa mtu aliyemtangulia.

"Mama, huu siyo wangu." Akaketi mlangoni na dhahabu yake, hataki kuondoka. Watu wakageuka. Sokoni pale, ukishaitwa mwizi wa mizani, ni bora ufunge duka. Zipora akampigia Mabula simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini, malaika."

"Kazini wapi?"

"Hapa hapa mjini."

Zipora aliiona pikipiki ya Mabula ng'ambo ya barabara, mlangoni kwa Kudra, mnunuzi mshindani wake. Kudra alichungulia nje akicheka, gauni la njano limembana, akarudishia mlango.

"Haya, endelea," akakata simu.

Saa nzima haikupita, Mabula akaingia na nyaya mkononi.

"Kudra amekupa nini uniharibie jina?"

"Hajanipa kitu. Ana ubao kama wako, mzima. Nilipima waya wake nione unavyopokea namba. Kila namba inakwenda kwa biti tisa, alama ndogo za umeme. Chip yangu inatuma nane. Ile ya tisa ndiyo inayouambia ubao ufute namba ya zamani."

"Sasa?"

"Nimeiacha njia ya kawaida ya chip. Nawasha na kuzima mguu mmoja wa chip, biti moja moja, mpaka zitimie tisa."

"Na kunificha?"

"Ungekataa niende kwake."

"Ningekataa, ndiyo."

Mabula alipomaliza kufunga nyaya, Zipora hakumwamini bado. Akavua hereni, akaiweka. Akaongeza ya pili. Akaziondoa. Ubao ulifuata kila mara. Ndipo akamwita Jilala, akaazima na mizani ya jirani, wakapima kotekote mbele ya watu. Namba zikalingana.

"Sawa," Jilala akasema. "Mama, fundi huyu mfunge kamba."

Watu wakacheka. Zipora hakucheka.

"Jumamosi lete wazee wako kwetu Didia," alimwambia Mabula.

"Habari za ng'ombe wa mahari?"

"Za ng'ombe. Na kwa Kudra, kuanzia leo, tunakwenda wote."