Uso wa Hakimu Kwenye Diski

Hadija na mumewe Ramazani wana chumba cha michezo ya kompyuta karibu na soko la Rumonge, Burundi, kando ya ziwa. Vijana huja kucheza mpira na kupiga kelele. Wavuvi na wauza mawese huja kuchaji simu, kwenye waya uleule unaolisha kompyuta.

Chumba kinapendwa kwa sababu ya Hadija. Yeye huongeza vitu kwenye mchezo. Nyongeza hizo huitwa modi. Ametengeneza timu za mitaa ya Rumonge, zenye nyuso za watu wa kweli. Kwenye timu ya wavuvi, namba tisa ni Hakimu, kaka yake. Hakimu alizama ziwani pamoja na simu yake, na picha zake zote zilikuwa humo. Sasa uso wake uko kwenye mchezo tu. Kila Ijumaa baada ya alasiri mama yao, Kadidja, huja kumtazama akikimbia.

Ijumaa moja kompyuta ilianza kujikokota. Diski ilikuwa imejaa pomoni. Ramazani, mtu wa haraka zake, akachomeka diski ya nje ili ahamishie humo dosie, yaani folda, ya mchezo.

"Ninakata dosie yote ya mchezo, ninaibandika huku," alisema.

"Weye, ngoja tumuulize Eliana!"

"Eliana wa nini? Mimi si mutoto."

Faili zikaanza kuhama. Mara mvuvi mmoja akaja kuchukua simu yake. Nyaya zilikuwa zimesokotana, akachomoa wa diski. Taa ya diski ikazimika.

Hadija alikaa mbele ya kompyuta. Alifungua dosie ya zamani. Nusu ya faili hazikuwemo, na modi hazikuonekana.

"Hakimu iko wapi?" aliuliza.

Ramazani alishika kipanya. "Niweke mchezo upya?"

"Usiguse kitu!"

Hadija alikimbia kwa jirani yao Eliana, aliyerudi kutoka Tanzania na sasa anafundisha kompyuta shuleni. Eliana alikuja na kanga ya jikoni kiunoni.

"Shemeji, umeweka kitu kipya humu?"

"Hapana," Ramazani alijibu.

"Afadhali. Kitu kipya kinaweza kukalia mahali pa faili zilizopotea."

Aliwaondoa wote waliokuwa wanachaji, kisha akachomeka diski tena.

"Ukikata, kompyuta inahamisha na kufuta," alieleza. "Kazi ikikatika katikati, vingine vinabaki huku, vingine kule, na vingine vinaharibika. Nakili kwanza. Linganisha ukubwa wa dosie zote mbili. Fungua mchezo, hakikisha kila kitu kipo. Ndipo ufute vya zamani."

Alinakili kwenye diski ya nje faili zilizobaki kwenye kompyuta, akafungua mchezo. Timu ya wavuvi haikuwemo. Hadija akaanza kulia.

"Amahoro!" Mama Kadidja alisalimu mlangoni. "Namba tisa ameshaingia?"

Hadija alijifuta machozi haraka. Angemwambia nini mama yake?

"Usilie bado," Eliana alinong'ona. "Mchezo unatafuta modi mahali pa zamani. Tuuonyeshe mahali papya."

Aliingia kwenye mipangilio, akachagua dosie iliyo kwenye diski ya nje, akafungua tena. Wavuvi wakatoka mmoja mmoja. Kipa hakuwa na uso. Faili yake ilikuwa imeharibika. Beki naye hakuwa na uso. Hadija aliufinya mkono wa mumewe.

Namba tisa akaingia uwanjani, anacheka.

"Huyo!" alisema Mama Kadidja, akaketi. Hakujua kwa nini binti yake analia hivyo.

Siku hizi simu zina waya wake peke yake. Beki alikuja kupigwa picha upya, na Pontiani, yule kipa, naye alikuja, akiwa amevaa koti la harusi. Modi zote zimenakiliwa pia kwenye flashi. Mama Kadidja alipoelezwa yaliyotokea, aliiomba flashi hiyo akaifunga kwenye pindo la kanga yake, ingawa hana kompyuta.

"Hapa iko mutoto wangu," alimwambia Ramazani. "Musimukate tena. Mumukopie tu."