Mkebe Haupimi Dawa

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Cansilde alizungukia kwanza mimea yake. Mistari sita ya artemisia, mmea wa kutibu homa, ilisimama nyuma ya nyumba, kati ya maharage na muhogo. Ukiyagusa majani yake membamba, mkono ulinukia mpaka jioni. Mbegu alizipata kwa mkulima mmoja wa Rugaaga, miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo majirani zake Warundi, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walimwita Mama Dawa. Jina hilo alilipenda kuliko kitenge kipya.

Kipimo chake kilikuwa mkebe. Nakivale, nani asiyeuamini mkebe? Maharage hupimwa kwa mkebe, unga kwa mkebe, hata dagaa. Muuzaji akitaka kukupunja, unamwambia tu, "Jaza mkebe!" na maneno yanaisha. Basi Cansilde naye alichemsha mkebe mmoja wa majani makavu katika birika moja la maji. Hakuzidisha, hakupunguza.

"Mkebe ni mkebe," alizoea kusema. "Haudanganyi."

Jumatatu moja mumewe, Pontien, alirudi kutoka shambani akitetemeka, na jua likiwa kali.

"Mama Ineza, nifunike," alisema, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao.

"Nikufunike na jua hili? Watu watasema nimeolewa na babu yao."

"Waseme. Niletee chai yako."

Alimletea. Pontien alipiga funda moja, akakunja uso. "Yesu wangu! Hii ni chungu kuliko majani ya mubirizi."

"Uchungu ndio nguvu yake. Maliza."

Hawakuwa na shaka. Mwaka uliopita Pontien alipata homa, akanywa chai hiyo, siku ya pili akaamka mzima. Lakini safari hii Jumanne ilipita na homa ikabaki. Jumatano Cansilde aliongeza mkebe wa pili. Alhamisi asubuhi Pontien alimtazama mkewe, akamwita kwa jina la mama yake aliyekufa zamani.

Cansilde alitupa kikombe, akakimbia.

Alikwenda kwa Nabintu, Mkongo wa Kivu Kusini, mhudumu wa afya wa kijiji chao. Nabintu alikuja na begi lake begani. Alimtoboa Pontien kidole, akadondosha tone la damu kwenye kipimo, akangoja. Mistari miwili ikatokea.

"Eko na malaria," alisema. "Tangu siku gani?"

"Jumatatu."

"Jumatatu! Mama Ineza, na mimi niko hapa karibu, nyumba tatu tu! Juu ya nini hamukuniita?"

Cansilde aliinamisha kichwa. "Nilikuwa na dawa yangu."

"Tutaongea kesho. Mutu akianza kupotea akili, hii si malaria ya kukaa nayo hapa. Aende hospitali sasa hivi."

Nabintu alipiga simu, gari la wagonjwa likaja. Pontien alifikishwa hospitali mjini Mbarara, akachomwa sindano. Cansilde alikaa kando ya kitanda akishika rozari, moyo wake ukimshtaki. Je, ningemuua mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe?

Jumamosi Pontien alifumbua macho vizuri. "Mama Ineza, katika hospitali hii hawali?"

Cansilde alicheka na kulia kwa pamoja.

Musoni, mtaalamu wa dawa, alikuwa akipita na vidonge. Yeye ni mtoto wa wafugaji wa Isingiro. Cansilde alimweleza kila kitu.

"Mkebe ulikuwa uleule, bwana. Kwa nini mwaka jana chai ilimponya?"

"Ile ya mwaka jana, mlipima damu?"

"Hapana."

"Sasa, nyabo, mama yangu, nani alikwambia ilikuwa malaria? Labda ilikuwa mafua tu, yakaisha yenyewe."

Hilo Cansilde hakuwahi kuliwaza.

Musoni akavuta kiti. "Wewe unajua maziwa? Sikia. Chukua mkebe moja ya maziwa ya ng'ombe yetu, ile ya pembe ndefu. Chukua mkebe ingine ya ng'ombe ya kizungu. Sukasuka zote mbili. Samli itakuwa sawa?"

"Haiwezi. Ya pembe ndefu ina samli zaidi."

"Kale, umesema vema! Na mkebe ni ileile. Mkebe inapima maziwa, haioni samli. Majani yako ni hivyo. Dawa ndani ya jani hatuioni kwa macho. Mmea moja inayo nyingi, jirani yake katika mstari uleule inayo kidogo. Mbegu zinatofautiana. Udongo, mvua, siku ya kuvuna, vyote vinabadilisha. Unavuna lini?"

"Ikishatoa maua na kukomaa, kama maharage. Halafu naanika kwenye turubai juani, siku tano."

"Banange! Kwa kawaida dawa inakuwa nyingi karibu na maua kutoka, halafu inapungua. Jua kali na kuweka muda mrefu vinaipunguza tena."

"Lakini ilikuwa chungu sana!"

"Uchungu si kipimo. Na hata ukivuna vizuri, maji ya chai hayatoi dawa yote. Huwezi kujua kikombe kina kiasi gani. Dawa kidogo inaacha vijidudu vya malaria hai, na siku zinapita. Kiwandani wanaitoa dawa ndani ya majani, wanaipima, ndipo wanatengeneza. Hata sindano ya bwana yako mwanzo wake ni mmea huohuo."

"Huu wangu?"

"Huohuo. Mmea si adui, nyabo. Adui ni kukisia."

Pontien alirudi nyumbani na vidonge vya siku tatu, akavimeza vyote, ingawa siku ya kwanza alikuwa tayari amepona kwa maneno. Jumapili iliyofuata walimpelekea Nabintu kikapu cha maharage.

"Umenirudishia mtu wangu," Cansilde alimwambia. "Nikulipe nini?"

"Maharage nimepokea," alicheka Nabintu. "Lakini asante ninayoitaka ni moja. Mugonjwa wa homa asipite kwako kwanza. Akuje fasi yangu, nimupime, siku ileile."

Cansilde hakuona haya. Baada ya misa alisimama mbele ya wanawake wenzake, akawasimulia kosa lake, bila kuficha hata kikombe kimoja. Artemisia hakuing'oa. Aliiacha kwa harufu yake, lakini chai ya malaria hakupika tena.

Wiki chache baadaye alikuwa akipalilia. Jirani yake Doriane akatokea njiani, amejifunga kanga mbili na huku anatetemeka. Zamani angeingia moja kwa moja. Leo alipunga mkono tu.

"Huingii, jirani?" Cansilde alimuuliza kwa utani.

"Siingii, Mama Ineza! Naenda kupimwa."

Akapita. Cansilde aliegemea jembe, akamtazama mpaka alipofika mlangoni kwa Nabintu. Maishani mwake hakuwahi kufurahi hivyo kwa kupitwa na mgeni.