Mashavu ya Kijani

Severa, kitenge cha njano kiunoni, alikuwa akiita wateja pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kijana mmoja aliponyoosha kidole kwenye kitambaa cha kijani.

"Dada, nipunguzie hicho chekundu, cha mama."

"Chekundu? Kaka, umelewa au umeniona mzuri ukachanganyikiwa?"

"La pili, dada. Pombe sinywi."

Jina lake Ignasi. Alichora sura za wanawake kwenye kuta za saluni za Ilala, na sura zake zote zilikuwa na mashavu ya kijani. Watu walisimama kutazama. Walisema kijana ana staili yake.

Mapenzi yakakolea, simu ikawa haipoi.

"Mpenzi, nikwambie kitu? Usimwambie mtu."

"Sema, mume wangu mtarajiwa."

"Nyekundu na kijani mimi naziona rangi moja. Nachora kwa kufuata penye giza na penye mwanga. Hayo mashavu mimi najua ni mekundu."

"Na mimi nayapenda hivyohivyo," Severa akasema, akambusu kwenye simu.

Lakini mdomo, wanangu! Siku moja anasukwa saluni, wenzake wanamsifia mchumba, utamu ukamzidi.

"Staili gani? Hajui hata rangi, masikini! Nyanya na hoho kwake mamoja!"

Wakacheka mpaka machozi. Mwenye saluni hakucheka. Ukuta wake ulichorwa na Ignasi. "Kumbe nimechorewa na mtu asiyeona!" Kesho yake akaupaka chokaa, na mtaani vijana wakawa wanavuta mashati yao mbele ya Ignasi: "Oya, hii rangi gani?"

Ignasi hakugomba. Aliacha tu kupokea simu. Severa akakonda, chakula hakipiti. Mwishowe akamfuata kwake Magomeni, amejitanda khanga, macho yamevimba.

"Ni mimi niliyesema."

"Najua. Nilimwambia mtu mmoja tu."

Akapiga magoti. "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe, Sevi. Bado nakutaka. Mwezi ujao wazee wangu wanakuja kwenu kuposa."

Severa akalia kwa furaha. Alipofuta macho akaona ukutani sura yake mwenyewe, nzuri kuliko zote Ignasi alizowahi kuchora, lakini ya mkaa mtupu.

"Na rangi?"

"Nimeacha."

"Nitakushikia makopo, nitakwambia ipi ni ipi."

"Hapana," alisema taratibu, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala.

Severa alikuwa amepata mume. Akainamisha kichwa, asithubutu kumwomba tena.