Kigoda Kidogo cha Mfinyanzi

Wa kwanza kumwambia alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na wala hakumwambia kwa nia ya kumtisha. Ilikuwa Jumanne mchana. Wifi alikuwa ameshinda pale akimwangalia mtoto, na mama wa mtoto huyo, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa ametoka kupeleka sare za shule kwa mteja. Aliporudi alimkuta wifi mlangoni, mkoba begani.

"Wifi, chakula cha mgeni wenu nimekifunika mezani. Hajagusa hata tonge."

"Mgeni gani?"

"Si huyo aliyekaa uani na Kibibi? Amenipa mgongo, nimemsalimia mara mbili, kimya. Mna wageni wenye maringo nyie!" Akacheka, akaenda zake.

Fundi alipita moja kwa moja hadi uani. Binti yake wa miaka minne, aliyeitwa Kibibi kwa vile alivyopenda kuwaamrisha watu wazima, alikuwa peke yake, amechuchumaa mbele ya ndoo iliyofudikizwa. Juu ya kitako cha ndoo palikuwa na alama ya unyevu, ya duara, kama ya mtu aliyelowa aliyeinuka sasa hivi. Ua mzima ulinuka udongo mbichi, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki ya tatu ile.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na mwenzangu," Kibibi akajibu, bila kugeuka.

Mambo yalianzia kwenye simu ya baba. Mumewe alikuwa fundi pikipiki, na wenzake gereji walimwita Kapteni kwa sababu ndilo jina alilojipa kwenye mchezo wake wa simu. Katika mchezo huo unatembea nchi iliyohamwa na watu. Unavua samaki katika bwawa lake, unapanda mnara wake, unafinyanga vyungu katika karakana yake. Kila karakana ina kiti kitupu. Ukikigusa, Kapteni wa kwenye kioo husema, "Karibu, tufuatane," na msaidizi huchomoza pasipo na kitu, akaanza kukufuata. Kapteni alikuwa na wasaidizi arobaini. Kila jioni Kibibi alikaa mapajani mwake wakayasema maneno yale pamoja, kwa sauti moja.

Kapteni alipopata likizo, aliapa kwamba mara hii watayafanya yote kwa miguu yao wenyewe. Wakaenda bwawani wakavua samaki wawili wa ukubwa wa kidole. Wakapanda ngazi za tangi la maji, mkewe amefumba macho njia nzima. Jumapili wakaenda karakana ya zamani ya vyungu, nje ya mji, ambako wageni hulipa kiingilio wakajaribu gurudumu la mfinyanzi.

Mama wa tiketi aliwaambia neno moja tu. "Shikeni chochote, ila vile vigoda viwili, hata kuvisogeza msivisogeze."

Lakini Kapteni hakuwa mtu wa maelezo. Hata kwenye mchezo aliyaruka. Yule mama alipogeuka, Kapteni alikigonga kigoda kikubwa kwa kidole, akapiga saluti, akasema, "Karibu, tufuatane!" Mkewe alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaenda bombani kunawa udongo, akawaacha baba na mwana nyuma. Kibibi alirudi na kikombe kidogo alichofinyanga, bado kibichi, wakakiweka dirishani kikauke.

Hakikukauka. Jumatano kilikuwa bado kinang'aa kwa maji. Siku hiyo hiyo, fundi akiwa anakata kitambaa, alisikia gurudumu likizunguka chumbani, taratibu, kama mtu anayelisukuma kwa mguu. Akaitazama cherehani yake. Ilikuwa imetulia, imefunikwa shuka.

Alhamisi asubuhi alimwogesha mtoto, na alipofika mgongoni mkono wake ukasita, kwa maana pale, kuanzia shingoni hadi kiunoni, palikuwa na alama za vidole, si za kupigwa wala za kubinywa, bali alama ndefu laini kama zile zinazobaki kwenye chungu kinapovutwa juu, na ngozi yake, ngozi ile aliyoijua kuliko viganja vyake mwenyewe, ilikuwa baridi na kavu, na alipoisugua ikaacha vumbi jekundu kwenye maji.

"Baba Kibibi," alimwambia mumewe kwa kunong'ona, "kule tulitoka na kitu."

Kapteni alitaka kutania. Alipouona mgongo wa mwanawe, utani ulimkauka mdomoni.

Ijumaa walimwacha mtoto kwa wifi, wakapanda pikipiki kurudi kule. Walikuwa wawili, lakini njia nzima pikipiki ilizama nyuma kama imebeba gunia la saruji, na Kapteni, anayeijua pikipiki kuliko mkewe, hakuthubutu kutazama kwenye kioo cha pembeni.

Mama wa tiketi aliwasikiliza huku akipanga vyungu rafuni.

"Ilikuwa utani tu, mama," Kapteni alisema.

"Yeye hajui utani. Amesikia karibu, amekuja." Akashusha sauti. "Ni majini ya udongo. Yalikuwapo kabla ya karakana. Waliojenga hapa waliyaachia viti ili yasiwafuate nyumbani. Nyumbani kuna mtoto?"

Fundi aliitika kwa kichwa.

"Jini hili mtoto hulifurahisha, maana udongo wake bado laini. Hufinyanga siku sita. Siku ya saba hutafuta moto, kama mfinyanzi yeyote. Leo ya ngapi?"

"Ya sita."

"Basi aliyekaribisha aage, na aage kwa moyo. Hakuna dawa nyingine. Labda mwingine alikaribishe kwake."

"Na huyo mwingine atafinyangwa?"

"Mtu mzima ameshakauka, mwanangu. Halimfinyangi. Ila halimwachi pia."

Kapteni alipiga magoti mbele ya kigoda kikubwa. "Nimekosa," alisema. "Umefika kwako. Kwaheri." Kigoda kikalia, na duara la maji likajitokeza juu yake polepole. Pikipiki ilirudi nyepesi kama karatasi. Njiani Kapteni alianza hata kupiga mluzi.

Wifi aliwapokea mlangoni, jasho linamtoka. "Mtoto wenu ana nini leo? Nimemtoa mbele ya jiko mara tatu! Anataka kuingiza kichwa motoni!"

Fundi alimkamata Kibibi mabegani. "Kwani hajaondoka? Baba amemrudisha!"

"Wa baba ameondoka," Kibibi alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto mdogo. "Wangu yupo. Wangu ni wa kigoda kidogo. Nilimkaribisha kama baba, ulipokwenda kunawa."

Walimbembeleza. Walimtisha. Walimpa peremende, na kwa ajili ya peremende akasema kwaheri, lakini mkono wake wa kushoto, alioficha nyuma, ulikuwa umekunjwa kama umeshika mkono wa mtu. "Sitaki aende," akanong'ona. "Atakaa peke yake." Wakalimwagia jiko maji, wakaficha viberiti, na Kapteni akaketi ameegemea mlango wa jikoni. Nyumba nzima ilinuka udongo, na gurudumu likazunguka, likazunguka, na kila lilipozunguka Kibibi alizidi kuwa baridi mapajani mwa mama yake.

Kulipokucha, siku ya saba, Kapteni alikuwa amepitiwa na usingizi palepale mlangoni. Fundi hakumwamsha. Alimlaza mtoto kitandani, akachukua kigoda cha jikoni, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake kama anayemwandalia mkwe, akakiweka kando ya cherehani. Juu yake akaweka kile kikombe kibichi. Alikuwa mwoga wa kuzungumza hata na wateja wake, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Karibu," alisema. "Mwache mtoto. Tufuatane mimi na wewe."

Chumbani Kibibi alipiga yowe. Mama yake alikimbia akamkuta ameketi, anautazama mkono wake mtupu, analia machozi ya moto. Mgongo wake ulikuwa laini na wenye jasho.

"Mama, nina njaa," alisema huku akilia kwa kwikwi.

Alimlisha mpaka akashiba, akamfuta mdomo, akampa baba yake. Kisha akarudi kwenye kazi yake, maana zilikuwa zimebaki sare nne. Kikombe juu ya kigoda kilikuwa kimekauka kabisa, na chini yake palikuwa na duara la maji. Akaketi, akaweka kitambaa chini ya sindano. Mguu wake ulikuwa haujagusa pedali gurudumu la cherehani lilipoanza kuzunguka, taratibu, na mkono wenye maji ukatua juu ya mkono wake, ukaanza kumsaidia kusukuma nguo.

Fundi akaufuata mshono.